Seyyid Said na Mikarafuu ya Pemba



Seyyid Said bin Sultan, aliyefariki baharini mwaka 1856, husifiwa kwa kueneza mikarafuu Unguja na Pemba, na kwa mkataba wa biashara aliofunga na Marekani mwaka 1833. Sifa hizo ni za kweli, lakini ni nusu ya habari. Mashamba yake yalilimwa na watumwa waliotekwa bara. Mwaka 1845 alikubali wasipelekwe tena Arabuni. Ndani ya milki yake waliendelea kuuzwa. Sheria ya mwaka 1897 ilipoufuta utumwa visiwani, fidia walilipwa mabwana, si watumwa. Basi mtoto wa Wete anayefundishwa jina la mwenye shamba, na afundishwe pia ni mikono ya nani iliyoipanda mikarafuu ile.