Hadithi Iliyowaudhi Wasomaji

Jioni moja hapa Kilosa niliwasomea wanafunzi wangu kisa cha Sherlock Holmes, alichokitoa Bwana Arthur Conan Doyle mwaka 1893. Humo Profesa Moriarty, mkuu wa njama za siri mjini London, anapambana na Holmes penye maporomoko ya maji huko Uswisi, na wote wawili wadhaniwa wamekufa. Basi! Wanafunzi walinuna, nami sikuwalaumu. Mzee mmoja wa Mikumi, aliyekuwa kimya barazani, akauliza, "Mwalimu, maiti aliiona nani?" Nikapekua kurasa, hakuna aliyeiona. Wasomaji wa Uingereza nao walighadhibika, wakampelekea mwandishi barua kali. Mwaka 1903 alimrudisha Holmes hai, akipitia ufa ule ule aliouona mzee yule.