Masikio Kwanza, Kisha Ulimi

Somo: Marko 7:31-37

Popote mlipo, jikoni, zizini mkikama ng'ombe, au njiani kwenda kazini, karibuni tulitafakari Neno la Mungu.

Katika somo letu tunapata habari za mtu aliyekuwa kiziwi, tena mwenye ulimi mzito. Angalieni, ndugu zangu, hakuja peke yake. Aliletwa na watu. Yesu alimtenga kando na umati, akamgusa masikio, kisha akamgusa ulimi. Masikio yalipofunguka, ulimi nao ulifunguka.

Leo nawawazia wazazi wenye mtoto anayechelewa kusema. Hapa kwetu Plateau, mtoto huanza chekechea akiwa na miaka 4, na akitimiza 6 huingia darasa la kwanza. Wenzake huimba, huhesabu, hubishana. Yeye ana maneno machache tu, na mengine ni mama peke yake ajuaye maana yake. Januari inakaribia. Baba asema, akae nyumbani mwaka mmoja zaidi. Nyanya asema, hata mjomba wake alichelewa. Jirani asema, apelekwe bweni la viziwi. Mama halali usiku. Je, amsikilize nani?

Kwanza, masikio yatangulie. Asiyesikia vizuri atajifunzaje kusema? Pengine mtoto ni kiziwi. Pengine ni maji tu yaliyokaa ndani ya sikio baada ya mafua, jambo ambalo daktari aweza kulitibu. Msiridhike kwa kumpigia makofi mgongoni pake. Mtoto aweza kushtuka mlango ukigongwa, kumbe sauti ndogo za maneno hazimfikii. Mpelekeni hospitali apimwe. Madaktari wa masikio wapo katika Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret. Viko pia vituo vya elimu vya kutathmini watoto, viitwavyo EARC, vilivyoanza nchini mwaka 1984. Huko wazazi hushauriwa juu ya shule imfaayo mtoto. Mwulizeni mwalimu mkuu au afisa wa elimu awaelekeze.

Pili, msiiache lugha ya nyumbani. Wako wasemao kwamba Kinandi, Kiswahili na Kiingereza vimemchanganya mtoto. Sivyo. Wingi wa lugha hauleti ugonjwa wa kutosema. Zungumzeni naye kwa lugha mnayoijua vizuri zaidi. Mkisonga ugali, mtajieni sufuria, maji na unga. Kisha nyamazeni kidogo, mpate kumsikia akijibu.

Tatu, ndipo mchague shule. Ikiwa anasikia, chekechea iliyo karibu aghalabu humsaidia, maana watoto hufundishana kusema. Lakini mwulizeni mwalimu: Darasani mna watoto wangapi? Utamngoja akichelewa kujibu? Wenzake wakimcheka, utafanya nini? Kumweka nyumbani mwaka mzima hakumwongezei neno, ikiwa hakuna wa kuzungumza naye.

Ikiwa ni kiziwi, msiionee haya lugha ya ishara. Katiba ya mwaka 2010 imeitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha ya kukuzwa. Mtoto huyo asipopewa ishara mapema, miaka yake ya kujifunza lugha yapotea bure. Basi huenda shule ya viziwi ndiyo imfaayo, nanyi nyumbani mjifunze ishara, ili akirudi likizo asiwe mgeni kwao.

Lakini mzazi mwenzangu, jiulize mbele za Mungu: Je, nampeleka mbali apate lugha, au nampeleka ili watu wasinione naye? Bwana Yesu alimtenga yule mtu ili amponye, hakumtenga ili amfiche.

Nanyi washarika, msimwite mtoto huyu bubu. Msimwulize mama yake alitenda dhambi gani. Wanafunzi waliuliza hivyo habari za yule kipofu katika Yohana sura ya 9, na Bwana akawakatalia. Mwalimu wa shule ya Jumapili, mpe mtoto huyu nafasi katika mchezo wa Krismasi, hata kama ni ya kushika taa. Nawe uliye na nauli ya matatu ya kufika Eldoret, mpe mama huyo, au fuatana naye. Kumbukeni, yule kiziwi aliletwa na watu.

Siwaahidi kwamba kila mtoto atasema kama wenzake. Musa aliulalamikia ulimi wake mzito, na Mungu hakumwachilia kazi yake. Alimpa Haruni wa kumsaidia. Mtoto wenu naye anamtafuta Haruni wake. Huenda ni mwalimu, huenda ni dada yake, huenda ni wewe unayesikiliza sasa.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe uwasikiaye hata wasio na maneno, wape wazazi hawa hekima ya kuchagua na ujasiri wa kutoficha. Lifungue kanisa lako masikio, limsikie mtoto huyu. Kwa jina la Yesu. Amina.