Ziara ya Mwalimu Nyerere Nchini China, Februari 1965: Haja Aliyokwenda Nayo



Ziara za kirafiki za wakuu wa nchi tumezoea kuzisimulia kwa mapokezi: gwaride, mizinga 21, watoto na bendera, dhifa ya usiku. Mada hii inazipima kwa jambo jingine. Je, mgeni aliondoka nyumbani na haja gani, na haja hiyo iliishia wapi?

Mwalimu Nyerere alifika Beijing Februari 1965, akapokewa na Rais Liu Shaoqi na Waziri Mkuu Zhou Enlai, akaonana pia na Mao Zedong. Tarehe 20 ukatiwa saini mkataba wa urafiki. Magazeti ya Magharibi yaliona nchi changa ikihamia kambi ya kikomunisti. Waliosema hivyo hawakutazama ramani. Zambia, huru tangu Oktoba 1964, ilikuwa ikisafirisha shaba yake kupitia Rhodesia na makoloni ya Wareno. Reli ya kuiunganisha na Dar es Salaam ilikwisha kukataliwa na Benki ya Dunia kwa hoja kwamba haitalipa. Suala hilo likaingia katika mazungumzo ya Beijing, na wenyeji wakaonyesha utayari. Juni mwaka huohuo Zhou alikuja Dar es Salaam kurudisha ziara.

Lakini Mwalimu hakufunga milango mingine. Kampuni za Uingereza na Kanada zilifanya upembuzi, na ripoti yao ya 1966 ilisema reli inawezekana. Fedha ndizo hazikutoka. Kwangu mimi hapo ndipo palipo na uzito wa historia hii. Tanzania haikwenda China kwa sababu ya kuvutiwa na itikadi. Ilikwenda na kazi mkononi, ikiwa imekwisha kuipeleka kwa wengine.

Makubaliano ya mataifa matatu yalitiwa saini Beijing Septemba 1967. Ujenzi ulianza 1970, na reli hiyo, TAZARA, ikakabidhiwa Julai 1976: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kwa mkopo usio na riba wa yuani milioni 988. Nawaomba washiriki watazame upana wa njia yenyewe. Wachina kwao hutumia milimita 1,435. TAZARA ilijengwa kwa milimita 1,067, kipimo cha reli za Zambia. Mjenzi alifuata haja ya mwenye reli. Kwa upande wetu hilo lilikuwa na gharama, maana reli ya kati ni ya mita moja, na behewa la huku halipiti kule.

Masharti nayo hayakuwa mepesi. Gharama za ndani zililipwa kwa kuuza bidhaa za China madukani mwetu, kwa hiyo tulilazimika kuagiza bidhaa hizo kwa wingi. Wapo wataalamu wa China waliofia kazini, na makaburi yao yapo Gongo la Mboto. Urafiki huu uligharimu pande zote, na si haki kuusimulia kama zawadi.

Septemba 2024, Beijing, Rais Samia Suluhu Hassan, Rais Hakainde Hichilema na Rais Xi Jinping walishuhudia utiaji saini wa hati ya makubaliano ya kufufua reli hiyohiyo. Ziara imerudi kwenye haja ileile, na hilo ni jema. Wananchi wa Mlimba na Makambako wanangoja treni inayofika kwa wakati.

Naiomba semina hii ipendekeze mambo mawili kwa wizara inayohusika. Kabla ya kila ziara ya mkuu wa nchi, haja zetu ziandikwe na wataalamu wetu wenyewe, pamoja na masharti tusiyoweza kuyakubali. Na baada ya ziara, ndani ya mwaka mmoja, Bunge lipewe taarifa ya utekelezaji wa kila kilichotiwa saini.