Kabla Hujaacha Darasa, Uliza Tarehe

  

Kamati imeniomba niseme juu ya vyuo vya hapa Marekani, kwa kuwa muhula mpya unaanza Januari na wengi humu ukumbini mmekwisha jiandikisha. Juu ya kuingia chuoni tumesikia mengi. Mimi nitasema juu ya kutoka, maana huko ndiko fedha zinakopotea.

Watu wetu huacha masomo kwa sababu zinazoeleweka: msiba nyumbani, mtoto mgonjwa, zamu za usiku zimeongezwa. Ubaya uko katika namna tunavyoacha. Mtu haonekani tena darasani, basi. Haandiki barua, haendi ofisini, anaona aibu. Chuo hakijui kwamba ulikuwa Mwanza unazika. Kinachojua ni kwamba jina lako limo kwenye orodha, na ada unadaiwa. Mwisho wa muhula unakuta F kwenye kila somo.

Sasa shikeni jambo hili: kuna kalenda mbili, na hazifanani.

Ya kwanza ni ya chuo, ya kurudishiwa ada. Kila chuo kina yake. Siku za mwanzo unarudishiwa yote, kisha kiasi kinapungua haraka, na mara nyingi wiki chache tu zikipita hupati hata senti. Ya pili ni ya serikali kuu, kwa wanaopata msaada kupitia FAFSA, yaani ruzuku ya Pell na mikopo. Hiyo inahesabiwa kama ujira wa kibarua: unastahili kwa siku ulizofanya. Ukiacha masomo yote kabla asilimia 60 ya muhula haijapita, sehemu usiyoistahili lazima irudi serikalini. Ukivuka hapo, msaada wote ni wako.

Tupige hesabu. Muhula una siku 105. Ada ni dola 3,000, ruzuku zako za serikali kuu ni dola 4,000. Chuo kimechukua chake, kikakupa dola 1,000 iliyobaki, nawe umelipia kodi ya nyumba. Siku ya 42 unaacha masomo yote. Hiyo ni asilimia 40, kwa hiyo umestahili dola 1,600 tu. Kwa mujibu wa kanuni, chuo kinarudisha serikalini asilimia 60 ya ada ile, yaani dola 1,800. Lakini kalenda ya ada ilikwisha kufungwa, kwa hiyo ada yote 3,000 bado ni halali yao. Ile 1,800 waliyorudisha wanakudai wewe! Usipoilipa, deni linaweza kupelekwa kwa wakusanya madeni, na mara nyingi huwezi kujiandikisha tena mpaka ulimalize. Angengoja hadi wiki ya kumi mtu huyu asingedaiwa kitu.

Kuacha somo moja na kuendelea na mengine kwa kawaida hakuleti hesabu hiyo. Ila ile W inabaki, na vyuo vingi hutaka umalize walau asilimia 67 ya krediti ulizojiandikishia, la sivyo msaada unasimamishwa. Na ukishuka chini ya nusu ya mzigo wa masomo, ile miezi sita kabla ya kuanza kulipa mkopo wa serikali inaanza kuhesabiwa. Wanaosomea uuguzi waulize zaidi, kwani programu nyingi zina ukomo wa kurudia somo.

Vijana wenye viza ya F-1, ninyi hamna Pell, lakini hatari yenu ni kubwa zaidi. Ukishuka chini ya krediti 12 za shahada ya kwanza bila idhini ya mshauri wa wanafunzi wa kigeni, umevunja masharti ya viza. Ukiugua, daktari aandike, na idhini ipatikane kabla hujaacha. Kabla, si baada.

Wazazi, mtoto akisema anataka kuacha, msianze kwa kufoka. Akiogopa kusema nyumbani, ofisini pia hatasema, na tarehe zitampita.

Baada ya chakula nitakaa meza ya karibu na mlango. Mwenye barua ya chuo ambayo hajaielewa aje nayo tuisome.