Fataki za Mwaka Mpya na hofu ya mbwa

Msikilizaji, usiku wa kuamkia Januari 1, fataki hurindima Nairobi na Dar es Salaam. Kwanza, tukumbuke: mbwa husikia sauti za hadi mitetemo 45,000 hivi kwa sekunde, binadamu hukomea 20,000. Mlipuko humfanya mbwa atetemeke, aheme, akwaruze mlango, hata aruke ukuta na kugongwa na gari. Ni kweli, watu wana haki ya kusherehekea, na mbwa wengi ni walinzi wa nje. Kwa upande mwingine, mlinzi aliyejawa hofu halindi chochote. Basi mtembeze mchana, mfungue mnyororo, mwingize ndani kabla ya giza, funga mapazia, washa redio, kaa naye. Swali ni hili: je, wenye fataki watakubali kuwatangazia majirani mapema?