Tuchangie Mashine, Ukuta na Fundi



Hospitali ya jamii ikiamua kuanzisha tiba ya mionzi kwa wagonjwa wa saratani, jambo la kwanza ni kuita watu. Kanisani linatangazwa, msikitini linatangazwa, wazawa wa mkoa walioko Dar es Salaam na ng'ambo wanaingizwa kwenye kundi la WhatsApp, kamati inaundwa, mgeni rasmi anatafutwa. Siku ya harambee ahadi zinasomwa, mfano wa hundi unanyanyuliwa mbele ya kamera, na nyuma ya meza kuu kuna picha kubwa ya mashine.

Naziheshimu sana harambee hizi. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Kilimanjaro, Arusha au Manyara alilazimika kupanda basi hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ndipo apigwe mionzi. Wa Mwanza na Kagera naye alikuwa hivyo hivyo, kabla Hospitali ya Bugando, Mwanza, haijaanza kutoa huduma hiyo. Na tukumbuke kwamba karibu nusu ya wagonjwa wote wa saratani huhitaji mionzi katika hatua fulani ya matibabu yao. Kwa hiyo mama anayefungua pindo la khanga na kutoa shilingi elfu mbili ili mionzi isogee karibu na kijiji chake, huyo ametenda jambo kubwa.

Neno langu leo ni kwa kamati na kwa wachangaji wakubwa. Mashine peke yake haimtibu mtu. Kuinunua ni kama kulipa mahari: siku hiyo vigelegele vinasikika mtaa mzima, lakini gharama za kuendesha nyumba zinaanza kesho yake.

Tuwatazame jirani zetu wa Uganda. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi nchini humo, iliyokuwa Mulago, Kampala, iliharibika kabisa. Ilikuwa imetoka China mwaka 1995. Wenye fedha wakasafiri nje, wengi wakabaki na maumivu yao, na Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan ya Nairobi ikajitolea kuwatibu bure wagonjwa 400. Kilichoniuma zaidi ni maelezo ya serikali ya Uganda wakati ule: mashine mpya ilikwisha kununuliwa tangu 2013. Haikuwa na mahali pa kufungwa, kwa sababu jengo lake lilikuwa halijakamilika. Ilipofika Januari 2018 ndipo mashine mpya ilipozinduliwa rasmi. Fedha ya mashine ilipatikana mapema. Zege la jengo ndilo lililochelewa.

Zege hilo si jambo dogo. Mionzi hii inapenya ukuta wa tofali bila shida, hivyo chumba chake, ambacho wataalamu hukiita banka, hujengwa kwa zege ambalo unene wake unaweza kufika mita mbili. Bila chumba hicho, na bila kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, mashine haiwashwi. Lakini nani amewahi kuona mgeni rasmi akipigwa picha na nondo na mifuko ya saruji? Kila mtu anataka jina lake libandikwe kwenye mashine.

Nije kwenye jambo ambalo harambee nyingi hazilitaji kabisa, nalo ni muda. Chukua saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza miongoni mwa saratani kwa kuwaua wanawake wetu. Tiba yake ya mionzi ya nje kwa kawaida huchukua takribani wiki tano, Jumatatu hadi Ijumaa, kisha hufuata mionzi ya ndani. Kila siku mama mwenye ugonjwa huo hulala chini ya mashine dakika chache tu, halafu anaambiwa aondoke, arudi kesho. Aende wapi? Kwao ni Mbulu au Same. Hana ndugu mjini, na mwenye nyumba ya wageni anataka pesa yake kila asubuhi. Wiki ya pili akiba imekwisha, shamba limeota magugu, watoto wamebaki na bibi. Anafunga mzigo wake, anarudi nyumbani na tiba nusu.

Tiba nusu kwa saratani ni hatari. Wataalamu wanasisitiza kwamba matibabu yote ya mionzi ya mlango wa kizazi yamalizike ndani ya wiki nane. Yakivuta zaidi ya hapo, nafasi ya kupona inapungua. Sasa pima mwenyewe: mashine ikizimika wiki tatu kwa kukosa kipuri, si foleni tu inayorefuka. Kuna watu waliokuwa wanapona ambao hawatapona tena.

Ndiyo maana nasema kitanda kwenye hosteli ya wagonjwa, sahani ya ugali na nauli ya basi ni sehemu ya tiba ya mionzi, sawasawa na mashine. Kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa hakiwezi kununua mashine ya mabilioni. Kinaweza kabisa kumlisha mgonjwa mmoja wiki tano. Mchango huo usionekane mdogo.

Kisha kuna mkataba wa matengenezo. Mashine za kisasa zinazotumia umeme kuzalisha mionzi hazivumilii umeme unaokatika na kurudi. Zinahitaji ubaridi wa kudumu na fundi aliyefunzwa mahususi. Zile zinazotumia kobalti yenye mionzi huvumilia zaidi kidogo, lakini nguvu ya kobalti hupungua kwa nusu kila baada ya miaka mitano na kidogo, na kadiri inavyopungua ndivyo mgonjwa anavyolazwa chini yake muda mrefu zaidi, mpaka chanzo kibadilishwe. Gharama hiyo inajulikana tangu siku ya kwanza. Kamati isiyoiweka kwenye bajeti inawaficha wachangaji ukweli.

Na watu je? Dozi haikisiwi kwa macho. Mfizikia tiba huipiga hesabu, daktari bingwa huipitisha, mtaalamu wa mionzi humweka mgonjwa mahali pake kwa uangalifu mkubwa. Huko Ciudad Juárez, Mexico, hospitali moja binafsi ilinunua mashine ya kobalti iliyokwisha kutumika, mwaka 1977. Haikuwa na wataalamu wa kuiendesha, mashine ikawekwa stoo. Mwishoni mwa 1983 ikafunguliwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Punje za kobalti zikayeyushwa pamoja na vyuma vingine, zikageuka nondo za kujengea nyumba na miguu ya meza. Ajali hiyo iligunduliwa Januari 1984, lori lililobeba nondo hizo lilipopita karibu na maabara ya Los Alamos, Marekani, na ving'ora vya kupima mionzi vikalia. Nyumba za watu zikabomolewa. Chanzo chake ni hospitali iliyonunua mashine kabla ya kupata watu wa kuiendesha.

Mishahara ya wataalamu hawa haipaswi kutegemea harambee. Hiyo ni kazi ya kodi zetu, na serikali tayari huwalipa watumishi wengi katika hospitali za mashirika ya dini. Mchango wa jamii ungefaa zaidi kumsomesha kijana mmoja wa mkoa huo huo fizikia ya tiba, akirudi amkute mwajiri anamsubiri.

Kwa hiyo, msikilizaji, kadi ya harambee ikikufikia, toa. Ukiahidi, lipa, ahadi isiyolipwa inaivuruga kamati kuliko kutoahidi. Kabla ya kutoa, simama uulize jengo limefika wapi, nani atatengeneza mashine ikiharibika, na mgonjwa kutoka mbali atalala wapi. Nawe mwanakamati, majibu na hesabu zibandike kwenye ubao wa hospitali, kila mtu asome. Na kama una milioni moja mkononi na hujui uipeleke wapi, iandikie hosteli ya wagonjwa.