Mwalimu Aliyetoka Ufipa



Hapa Sumbawanga mzazi akienda kuulizia shule ya mchepuo wa Kiingereza, swali lake la kwanza ni moja: mwalimu ni mgeni? Akiambiwa ni Mfipa wa Laela, huaga. Leo ninacho kisa cha mwalimu mgeni ambaye ni Mfipa.

Ni mpwa wangu. Mwaka 2016, akiwa na shahada yake ya ualimu, alikwenda China kufundisha Kiingereza katika shule ya msingi. Serikali ya huko iliagiza mwaka 2001 kwamba somo hilo lianze darasa la tatu.

Alikuta watoto wakimtaja mama kwa neno la mwanamume, na baba kwa neno la mwanamke. Hakuwacheka, kwani yeye mwenyewe alichapwa kwa kosa hilo hilo. Kiswahili kina "yeye" mmoja kwa baba na mama. Kifipa ni vivyo hivyo. Wachina nao, ingawa huandika tofauti, hutamka "tā" kwa wote wawili. Tena watoto wale waliongeza kijisauti mwishoni mwa maneno ya Kiingereza, kama sisi tulivyoyatia irabu tukapata benki na soksi. Mpwa wangu aliijua dawa kwa sababu aliwahi kuugua.

Mwaka 2017 yakatoka masharti mapya ya vibali vya kazi: mwalimu wa lugha, kwa kawaida, afundishe lugha yake ya kuzaliwa. Wazazi nao wakaanza kuuliza. Mwenye shule akamshauri awaambie kuwa anatoka Afrika Kusini.

Akanipigia simu. "Mjomba, nifanyeje?"

Nakiri mbele yenu kwamba nilimwambia akubali. Mshahara ule ndio uliokuwa ukimsomesha mdogo wake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mjomba, watoto wakiniuliza habari za kwetu, nitawasimulia kwa nani?"

Katika kikao cha wazazi alisimama akasema kuwa yeye ni Mtanzania, na Kiingereza ni lugha yake ya tatu. Mkataba ulipokwisha haukuongezwa. Ada ya mdogo wake tukaichangia ndugu.

Sasa anafundisha sekondari huku huku uwandani, penye baridi yetu ya Julai. Watoto wa kidato cha kwanza humfikia wakiwa wamesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, na ghafla hesabu na jiografia vyote ni Kiingereza. Siku ya kwanza huwaambia: "Hapa hapa nami nilijikwaa."

Mzazi mwenzangu, ukienda kuandikisha mtoto, usiulize mwalimu katoka wapi. Uliza kama anajua mtoto wako atakwama wapi. Na ukimpata anayejua, hata kama lafudhi yake ni ya Laela, usiage.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane wiki ijayo.